Bastola Yenye Harufu ya Mlimau

SEHEMU YA KUMI NA MOJA

Nilimwacha Fundi Kasmiri pua yake ikiwa ndani ya magazini, kile kikasha cha risasi cha bastola, na wiki nzima barua zenu zimenimiminikia. Msomaji mmoja wa Nyakato ameniuliza kama ni ungwana kumkatia mtu hadithi penye harufu. Si ungwana, nakiri. Haya, tunuse pamoja.

Kasmiri alinusa mara ya pili.

Yalikuwa mafuta ya sangara. Hilo peke yake halikumshtua. Mwaka ule wa themanini na sita mafuta ya bunduki yalikuwa yakisikika kwa jina tu, na watu walipaka mafuta ya sangara kwenye mboga, kwenye nywele, kwenye bawaba za milango na kwenye minyororo ya baiskeli. Lakini chini ya shombo la samaki kulikuwa na harufu nyingine, nyepesi, ya majani ya mlimau.

Musoma nzima alikuwapo mwanamke mmoja tu aliyechemsha mafuta ya sangara pamoja na majani ya mlimau ili kuua shombo. Mwanamke huyo alikuwa Petronila. Na Petronila, kwa ninyi mnaoanza kutusoma leo, ni mke wa Kasmiri.

Mwenye bastola alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono mfukoni. Ndiye Renatus, mfanyabiashara wa samaki wa Manyamanyama kule Bunda, mwenye pikapu, mwenye kibali cha bastola chenye muhuri, mwenye viatu visivyo na kiraka. Kabla Kasmiri hajarudi kutoka vitani, Renatus huyuhuyu ndiye aliyetangulia kupeleka ng'ombe Butiama kwa baba yake Petronila. Ng'ombe wakarudishwa. Mpaka siku hiyo Renatus alikuwa hajaoa.

Mtu wa namna hiyo ukimkuta na mafuta ya mkeo ndani ya magazini yake, utamwambiaje?

"Mafuta haya umeyapata wapi?" Kasmiri aliuliza.

"Mafuta gani, fundi?"

"Haya uliyopaka humu ndani."

Renatus alitazama mlangoni, akatazama miguu yake, kisha akatabasamu. "Nayapataga kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mwema tu."

"Mwanamke?"

"Fundi, nimekuletea bastola, au nimekuja kuungama?"

Tabasamu lile lilimwingia Kasmiri kama mwiba wa samaki kooni. Mimi sitamcheka. Miaka ya nyuma niliwahi kunusa shuka la nyumbani kwangu nikakosa usingizi siku tatu, kumbe ni sabuni mpya. Wivu ukishakukamata, pua ndiyo inakuwa hakimu.

"Inasumbuaje?" Kasmiri aliuliza.

"Ya kwanza inalia vizuri. Ya pili inakwama. Inasimama hapa juu, kichwa kikitazama angani kama kuku anayekunywa maji." Renatus alipunguza sauti. "Na barabara ya Bunda unavyoijua siku hizi. Juzi wamesimamisha gari mchana kweupe. Nikikutana nao, ile ya kwanza ni ya kuwaamsha tu. Ya pili ndiyo itanirudisha nyumbani."

Kumbuka maneno hayo, msomaji. Yaweke mahali.

Kasmiri alitoa risasi zote, akazipanga kwenye kopo, akaifungua bastola vipande vipande juu ya gunia. Jeshini alikuwa fundi silaha, na vidole vyake vilikuwa na adabu kuliko moyo wake. Moyo ulikuwa ukitukana, vidole vikifanya kazi.

"Tazama," alisema. "Springi ya magazini imeganda. Mafuta ya sangara yakikutana na vumbi yanakuwa ulimbo. Springi inataka kusukuma risasi juu, inashikwa. Nani alikudanganya upake haya?"

"Sikujua."

"Na huu mdomo wa magazini umepinda. Uliiangusha?"

"Ilianguka kwenye mawe. Mara moja."

"Wewe mwenyewe uliiangusha?"

"Ilianguka," Renatus alirudia, na macho yake yakakimbilia mlangoni tena.

Kasmiri alimwonyesha kwa ncha ya bisibisi, kwa sababu fundi mzuri hajui kunyamaza mbele ya kazi, hata akiwa na hasira. "Midomo hii miwili ndiyo inaishika risasi isiruke kabla ya wakati wake. Bastola ikilia, sehemu ya juu inarudi nyuma, inatupa ganda, inarudi mbele, inaisukuma risasi inayofuata. Risasi inapanda kijiteremko hiki, inaingia chemba. Mdomo mmoja ukipinda, risasi inakuja kichwa juu. Inagonga ukuta, inakaa."

"Kwa hiyo inatengenezeka?"

"Kila kitu kinatengenezeka."

Aliosha springi kwa mafuta ya taa, kifuniko kimoja cha soda tu, maana nayo yalikuwa ya kupanga foleni. Akasugua kijiteremko mpaka kikang'aa. Akazungushia koleo kitambaa, akaurudisha mdomo wa magazini mahali pake kidogo kidogo. Kisha akatoa risasi zake za mbao, saba, alizozichonga mwenyewe kwa ajili ya kujaribia, akazijaza. Akavuta sehemu ya juu, akaachia. Akavuta, akaachia. Zote saba zilipanda, zote saba zikatoka.

Bastola ilikuwa imepona. Nasema imepona kabisa, na ningeweza kuandika mwisho hapahapa, Renatus akaenda zake Bunda kwa amani na mimi nikaenda kulala.

Lakini Renatus alitoa kitambaa cha kuifungia.

Kilikuwa kipande cha kitenge chenye ndege wa bluu. Kasmiri alikijua kitenge kile. Petronila alikuwa nacho, na juzi tu alikuwa amekata upindo wake bila kusema ni wa kazi gani.

Hapa naomba niwe mkweli kwa niaba ya fundi wetu. Mwaka ule duka la ushirika lilipata majora ya aina moja tu ya kitenge, ndicho chenye ndege wa bluu, na nusu ya wanawake wa mtaa wa Kitaji walivaa ndege wale. Kwaya ya kanisani ilivaa ndege wale. Kasmiri mwenyewe alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri kukipata. Alilijua hilo vizuri sana. Alilisahau.

"Nakwenda kuweka maji kwenye rejeta," Renatus alisema. "Nikirudi tuondoke."

Alitoka. Kasmiri akabaki na bastola, na koleo, na ndege wa bluu mezani.

Kichwani alimwona Petronila akimpa mtu huyu chupa ya mafuta. Alimwona akicheka naye, akiwa amefunika mdomo kwa kiganja kama alivyofanya siku alizokuwa anachumbiwa. Alijiuliza ni mara ngapi mkewe alimwambia anakwenda sokoni Nyakato na akarudi bila kitu. Alitaka kulia na alitaka kuua, na hakujua kipi kianze.

Alichukua koleo. Akaibana ncha ya ule mdomo wa magazini, akaukunja. Si sana. Upana wa ukucha.

Akaweka risasi za kweli. Ya kwanza ingelia. Ya pili ingekwama.

"Imepona?" Renatus aliuliza mlangoni.

"Imepona."

"Naweza kuiamini?"

Kasmiri alimtazama usoni. "Iamini kama unavyomwamini huyo anayekupa mafuta."

Renatus alicheka, asielewe. Akamwekea mche mzima wa sabuni mezani, sabuni ambayo Kitaji walikuwa hawajaiona tangu Pasaka, akaifunga bastola ndani ya ndege wa bluu, akaenda zake. Pikapu ikawaka. Kasmiri aliisikiliza mpaka ikapotea.

*

Alifika nyumbani mchana akiwa ameshika sabuni kama tofali. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima. Angeanza na mafuta, angemalizia na kitenge.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba.

Kizingitini alikaa mama Ghati, jirani, akipepeta dagaa. Alikuwa amejifunga kitenge chenye ndege wa bluu. Kasmiri alikitazama kile kitenge, akaanza kuikumbuka foleni ya ushirika.

"Petronila yuko wapi?"

"Shikamoo zimekwisha siku hizi?"

"Shikamoo, mama. Petronila yuko wapi?"

"Marahaba. Ameenda Butiama. Ujumbe umekuja mama yake amezidiwa, hajui watu. Tereza wenu akitoka chekechea atakula kwangu, usihangaike."

"Ameenda na basi gani?"

"Basi litoke wapi, na dizeli hakuna? Kaka yake amekuja kumchukua. Masatu."

Kasmiri aliganda. Masatu alikuwa hajakanyaga pale miaka sita. Siku ya kupeleka ng'ombe, Masatu ndiye aliyezunguka kundi mbele ya wazee wote, akasimama kwa ng'ombe mmoja, akampungia mkono machoni na kusema kwa sauti, "Huyu hana jicho la kushoto." Ilikuwa kweli. Kasmiri alikuwa ameuziwa mnadani bila kujua. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ng'ombe alibadilishwa, lakini Kasmiri akaapa kwamba Masatu hataingia kwake mpaka ng'ombe yule aone.

"Masatu ana gari tangu lini?" aliuliza.

"La tajiri yake. Si anafanya kazi kwa yule Renatus wa Bunda? Ndiye anamsukumia samaki, anamwoshea gari, na ile bastola anamsafishiaga yeye, kwa vile alikuwaga mgambo. Ila usiseme mahali. Polisi wakijua bastola inashikwa na asiye na kibali, tajiri atanyang'anywa."

Sabuni ilianguka.

Renatus alitabasamu kwa ajili hiyo. Alitazama mlangoni kwa ajili hiyo. Alikuwa anamficha Masatu, asishtakiwe kwa fundi anayefanya kazi kwa ruhusa ya polisi.

"Mama," Kasmiri alisema taratibu, "Petronila anampaga nani mafuta ya sangara?"

Mama Ghati aliacha kupepeta. "Wewe umemkataza kaka yake asije. Umedhani amemsahau? Masatu alioa kwa ng'ombe zako, zile zile ulizotoa kwa Petronila. Kwetu dada na kaka aliyeoa kwa ng'ombe zake ni kitu kimoja, hawanyimani. Mafuta anampelekea pale Nyakato kila Jumamosi. Chupa anaifunga kitambaa isivuje."

"Na wewe ulijua."

"Kitaji nzima tulijua. Ni wewe tu ulikuwa unamngoja ng'ombe aone."

Msomaji, nilisema sitamcheka, na sasa sicheki. Yule bwana alisimama uani, jasho jembamba likimtoka, akijua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mke wake hakuwa na kosa. La pili, mke wake alikuwa ndani ya ile pikapu, kwenye barabara ile, na kinga yake ya pekee ilikuwa bastola ambayo mumewe ameiharibu kwa mkono wake.

"Wameondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Wamempitia hapa wakitoka kwako. Huyo tajiri kwanza hakujua ni dada yupi, Masatu alimwambia tu, dada yangu, dada yangu. Alipomwona akasema, basi, kama ni mke wa fundi akae mbele."

Kasmiri alikuwa ameshakimbia. Koleo lilikuwa bado mfukoni.

*

Lori la pamba lilikuwa linatoka kuelekea Bunda. Dereva, Mhoja, alimjua.

"Panda juu ya robota, fundi. Una haraka gani?"

"Nimesahau kitu kwenye kazi ya mtu."

"Fundi gani anakimbizana na mteja kurudisha kitu?"

Kila kilima kilipokuja Kasmiri aliinuka kutazama. Alimwomba Mungu apate kuiona ile pikapu, na hapohapo, nawaambia ukweli, kuna uzi mmoja wa wivu ambao ulikuwa haujakatika. Amekaa mbele. Renatus amemweka mbele, pembeni yake. Alijichukia kwa kuliwaza hilo, akaendelea kuliwaza mpaka Kiabakari.

Pale njia panda ya kwenda Butiama alipiga paa la lori kwa kiganja. Mbali kidogo, ndani ya njia ya vumbi, karibu na majabali, pikapu ilikuwa imesimama. Imeinama upande mmoja.

Alishuka. Lori likaondoka, na barabara ikabaki kimya.

Ilikuwa pancha. Masatu alikuwa amepiga magoti akibandika kiraka kwenye mpira, chupa ya solusheni, gundi ya viraka, kando. Renatus alishika jeki. Petronila alikuwa amekaa kwenye jiwe, uso umevimba kwa kulia. Wote walikuwa wazima.

Kasmiri alisimama, pumzi hana, akaona aibu ya kufurahi.

"Baba Tereza?" Petronila aliinuka. "Umenifuata? Nilijua utakasirika, lakini mama—"

"Sijakasirika. Nimekuja kwa Renatus." Alinyoosha mkono. "Nipe bastola. Kuna kitu kidogo nilisahau."

"Kitu gani?" Renatus aliuliza.

"Kidogo tu."

"Fundi, umepanda lori kutoka Musoma kwa kitu kidogo?"

Masatu aliinua kichwa. "Shemeji, wewe hata kwenye msiba wa baba ulikuja umechelewa. Leo unakimbia?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, springi, skrubu, chochote. Lakini Petronila alikuwa anamtazama, na alimjua mumewe. Uongo ule ungepita kwa Renatus na Masatu, kwake usingepita.

"Niliikunja," Kasmiri alisema.

"Nini?"

"Mdomo wa magazini. Nilikuwa nimeshautengeneza. Ukatoka nje, nikaukunja tena. Ya pili itakwama."

Masatu aliacha mpira ukaanguka mavumbini, solusheni na yote.

"Kwa nini?" Petronila aliuliza.

"Nilinusa majani ya mlimau."

Petronila alielewa mara moja. Alikaa tena juu ya jiwe. "Ulinusa mafuta ukanihukumu," alisema. "Nilikuwa nyumbani, Kasmiri. Hatua mia mbili kutoka kwenye meza yako. Ungekuja kuniuliza."

Katika miaka sita ilikuwa mara ya kwanza amwite kwa jina lake.

Renatus alimsogelea fundi mpaka vifua vikakaribia kugusana. Kasmiri alingoja kofi na alilitaka. Lakini Renatus alifungua mlango wa pikapu, akatoa kile kifurushi cha ndege wa bluu, akamwekea mikononi.

"Miaka sita nimekuonea wivu wewe," alisema. "Kila nikipita Kitaji naona nguo zenu kwenye kamba, naumia. Wewe ulidhani siumii? Lakini sijawahi kukutengenezea kifo, fundi. Tengeneza kitu changu, kisha usiniguse tena."

Kasmiri alikwenda nyuma ya pikapu. Alitandika kitenge juu ya bodi, akatoa magazini, akamimina risasi. Petronila alimfuata, akasimama pembeni bila kumtazama.

"Kitenge nimepanga foleni mimi," Kasmiri alinong'ona, asijue kwa nini anasema.

"Hicho si changu. Ni cha mke wa Masatu. Changu nilikata kumfungia Tereza kidonda cha goti."

Alibana koleo, akavuta mdomo kidogo. Akapima kwa kidole. Akavuta tena. Risasi za mbao zilikuwa mezani Kitaji. Hakuwa na cha kujaribia.

Ndipo sauti ikatoka upande wa mbele wa gari, sauti asiyoijua.

"Mikono juu. Hatutaki mtu, tunataka matairi."

Kasmiri alichungulia chini ya gari. Aliona jozi nne za miguu. Renatus na Masatu, na wengine wawili waliotoka nyuma ya majabali. Akachungulia pembeni ya bodi: mmoja alikuwa na panga. Mwingine alikuwa amejifunga kitambaa usoni, na begani alining'iniza bunduki ya vita.

"Matairi yote manne," alisema mwenye bunduki. "Mkitulia, mnakwenda kwenu kwa miguu, mnasema asante."

"Chukueni," Renatus alijibu. Nyuma ya mgongo wake, mkono mmoja ulikuwa umeshuka polepole, kiganja wazi, kikielekea nyuma ya gari. Kilikuwa kinaomba bastola.

Kasmiri alirudisha risasi moja moja, sita kwenye magazini, ya kwanza chemba kwa mkono. Saba. Akaisukuma magazini mahali pake kwa kuibana kwenye kitenge isitoe sauti.

"Mpe mwenyewe bastola yake," Petronila alinong'ona.

"Hapana. Kama itakwama, ikwame mkononi mwangu."

Mambo yangeishia kwenye matairi. Nawaapia yangeishia hapo, mwenye panga alikuwa ameshatoa spana. Lakini ninyi mnamjua Masatu. Mtu ambaye aliona jicho la ng'ombe mbele ya wazee wote akashindwa kunyamaza.

Masatu aliinamisha kichwa, akamtazama mwenye bunduki kutoka miguuni mpaka kwenye kitambaa.

"Burito?" alisema. "Si wewe Burito tuliyekuwaga naye mgambo?"

Spana ilisimama hewani.

Mwenye bunduki aliinua mkono, akakifungua kile kitambaa taratibu, akakikunja, akakitia mfukoni. Hakikuwa na kazi tena.

"Masatu," alisema, karibu kwa huruma, "ungenyamaza ungefika nyumbani." Akaishusha bunduki kutoka begani. "Na ninyi mlioko nyuma, tokeni. Nimeona vivuli viwili."

Petronila aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu kule kwenye jiwe alimtazama mumewe machoni.

"Itapanda?"

"Sikuijaribu."

Angeweza kulala chini. Angeweza kukimbilia majabali, au kwa Renatus, ambaye alikuwa hatua nne na ambaye, Mungu ananisikia, angesimama mbele yake bila kufikiri. Kasmiri aliliona hilo, na hata pale likamchoma.

Petronila alisogea akasimama nyuma ya bega la mumewe, mkono wake mgongoni kwake.

Walitoka pamoja. Kasmiri aliinua bastola kutoka ndani ya ndege wa bluu, akapiga.

Alikuwa fundi wa silaha, hakuwa mlenga shabaha. Ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni cha pikapu. Mwenye panga alitupa panga akakimbia, hakugeuka. Burito hakukimbia. Alirudi hatua moja, akaweka bunduki begani, na mdomo wake mweusi ukaja polepole mpaka ukamtazama Kasmiri kifuani, pale ambapo risasi ingepita na kumkuta Petronila.

Lakini bastola haimsubiri mtu; turudi kwenye mlio uleule, kidole cha Kasmiri kikiwa bado kimebana. Sehemu ya juu ya bastola ilirudi nyuma, ganda likaruka juani, na sehemu ile ikaanza kurudi mbele.

Ndani ya magazini, risasi ya pili iliinua kichwa.